Mrija wa Binti Yangu na Mrija Wangu

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 3 Januari 1956, baada ya sala ya alasiri, na jioni ile ile nikaingia eda. Wakati ule sikujua kuitaja tarehe namna hiyo. Nilijua tu kwamba ulikuwa Mfungo Nane, mwezi wa nane baada ya Ramadhani, na kwamba mwezi ulikuwa umeanza kupungua. Miaka mingi baadaye, nilipoketi katika darasa la ngumbaru pamoja na wanawake wa rika langu, jambo la kwanza nililolifanya kwa hesabu nilizofunzwa lilikuwa kuzigeuza siku zangu kutoka miezi yetu hadi miezi ya kalenda. Mwalimu alidhani ninafanya zoezi. Nilimwacha adhani hivyo.

Kijiji chetu kilikuwa kusini ya Diani, upande wa kwendea Msambweni. Nilikaa eda kama nilivyofunzwa na mama yangu. Nilivaa kaniki, sikupaka mafuta wala hina, sikujifukiza udi, na sikuvuka kizingiti. Wanawake waliokuja kunitazama walikuja pia kuitazama eda yangu, kwa kuwa mjane huchunguzwa, na hawakuona ufa wowote. Nilijivunia jambo hilo na sioni haya kuliandika.

Nilikuwa na mtoto mmoja aliyekua, binti, wengine nikiwa nimewazika wachanga. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, ameolewa kisiwani Funzi na kijana mwenye mashua ya kuvusha watu na mizigo. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na kwetu uzazi wa kwanza ni wa nyumbani kwa mama. Basi alikuja kwangu siku chache baada ya maziko ya baba yake, na Jumamosi, tarehe 11 Februari, akajifungua mtoto wa kike. Ndipo nyumba moja ikawa na wanawake wawili wasioruhusiwa kutoka, mmoja kwa ajili ya kifo na mmoja kwa ajili ya uzazi.

Binti yangu alikuwa mwepesi wa maneno. Alilala kitandani, tumbo limefungwa mkanda, jiko la makaa likiwaka mvunguni, akaniambia:

"Mama, tumekuwa kama kuku wanaoatamia, kila mmoja na tenga lake."

"Nyamaza. Kuku haongei."

"Huongea sana akitaga. Mimi nimetaga, niache niongee."

Nilicheka, nikafunika mdomo kwa upindo wa kaniki, maana nilikuwa mfiwa. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokipata kutoka katika kinywa chake, na nakikumbuka vizuri kuliko harusi yake.

Kichwa kilianza kumuuma siku ya tisa au ya kumi. Alisema kinapasuka kwa nyuma, halafu kwamba mwanga wa mlangoni unamchoma. Tulimfunga kitambaa, tukamkanda, tukampa uji wa pilipili manga. Kisha akaanza kutapika. Adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 25, nikiwa nimemshika mtoto mapajani, niliuona mkono wake wa kulia ukiruka wenyewe, kama samaki aliyetupwa mchangani. Uso ukapindika, mwili wote ukafuata. Mkunga alisoma aya, akasema ni pepo wa uzazi. Kaka wa marehemu mume wangu hakungoja kusikia mengine. Aliita wanaume, wakambeba na kitanda chake mpaka barabarani, wakasimamisha lori la nazi, na lori likampeleka hospitali.

Mimi nilifika mlangoni nikasimama. Nilikuwa na mtoto wake mkononi na kizingiti mbele ya miguu yangu.

Nilimtuma mtu kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Alikuja kabla ya magharibi, akasimama nje, akasema nami kupitia mlango ulioegeshwa.

"Bibi, sheria ya Mwenyezi Mungu haikukufunga kama mbuzi. Mgonjwa ni haja. Toka mchana kwa haja yako, na usiku ulale katika nyumba aliyokuacha marehemu."

"Na watu, mwalimu?"

"Watu watasema. Wewe ungewasikiliza watu, usingeniita mimi."

Jirani yangu aliyekuwa akinyonyesha alimchukua mjukuu wangu, akamfanya ndugu wa mwanawe kwa maziwa. Asubuhi yake nilivuka kizingiti. Hospitali ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa kwa miguu. Njiani wanawake waliokuwa wakichota maji walinyamaza nilipopita, kisha nikasikia mmoja nyuma yangu: "Huyo si mfiwa wa juzi? Eda siku hizi ina miguu!" Sikugeuka. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo halikubadilika mpaka mwisho: nilitaka binti yangu arudi nyumbani akiwa yeye, na ulimi wake ule ule.

Nilimkuta amelala, macho wazi, mkono wa kulia umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa hapo. Nilimwita. Alinitazama kwa muda mrefu, midomo ikasogea, hakuna kilichotoka.

Daktari alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Alinipa kiti, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema wameangalia malaria hawakuiona, wameangalia maji ya uti wa mgongo, nayo hayana usaha.

"Nadhani ni damu iliyoganda, mama. Imeganda ndani ya mishipa ya kichwa, ile inayoirudisha damu kutoka katika ubongo. Damu inaingia, njia ya kutokea imeziba, na ubongo unavimba. Huwapata wanawake waliojifungua karibuni. Si wengi, lakini huwapata."

"Mtaitoaje?"

"Haitolewi. Dawa ya kuizuia isizidi kuganda hapa hatuna, na hata walio nayo mjini wanaiogopa, maana inaweza kumfanya avuje damu humo humo kichwani. Mwili wenyewe hutafuta njia, Mungu akijalia. Sisi tutazuia degedege, tutampa dawa ya joto la uzazi, tutamlaza, tutamnywesha. Alikuwa anakunywa maji nyumbani?"

"Mzazi hapewi maji baridi," nikamwambia. "Hunywa uji."

Alitikisa kichwa, akasema mzazi anayekaa na jiko la makaa chini ya kitanda anahitaji maji mengi, kwamba damu ya mtu aliyekauka huwa nzito. Nilimjibu kwamba mimi mwenyewe nimezaa mara saba kwa namna hiyo hiyo na damu yangu haikuganda popote. Hakubishana nami. Kama ni maji, kama ni uzazi wenyewe, kama ni amri iliyokwisha andikwa, hakuna aliyeweza kunithibitishia siku ile, wala hajatokea hadi leo.

Kila Jumatatu walimtoa damu. Niliuliza inapelekwa wapi, nikaonyeshwa chumba kidogo chenye darubini, na ndani yake mtu mmoja mnene mwenye miwani, mwenyeji wa pwani, aliyependa maneno. Tulimwita bwana mpimaji. Alinieleza kazi yake bila kunidharau. Damu huchanganywa na dawa ili isigande, hutiwa katika mrija mrefu wa kioo wenye mistari, na mrija husimamishwa wima juu ya kibao. Kisha hungojwa saa moja. Chembe nyekundu huzama, na juu hubaki maji ya rangi ya samli iliyoyeyuka. Damu ya mtu mzima huzama polepole. Damu ya mtu ambaye mwili wake unapigana na jambo huzama kwa haraka.

"Kwa hiyo inakuonyesha ugonjwa wake," nikasema.

"Hapana, bibi. Damu hii inaniambia ndani ya nyumba kuna moto. Hainiambii moto uko chumba gani, wala umekwisha unguza nini."

Nilisikia maneno hayo yote. Nilishika yale ya mwanzo.

Wakwe zangu wa Funzi walifika Jumatatu, tarehe 12 Machi. Mkwe wangu, mama wa mume wa binti yangu, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka mashuani. Mwanawe alikuja nyuma yake. Alinipa shikamoo huku akitazama chini, akaenda kuketi kando ya mkewe, akaushika ule mkono wa kulia usiomjibu. Kijana huyo sina neno baya juu yake.

Mkwe alinikuta barazani pa wodi.

"Pole na msiba, mkwe. Na pole na matembezi."

"Nimeshapoa, mkwe. Karibu."

"Tumekuja kumchukua mtu wetu. Huyu ana pepo wa bahari, kila mtu Funzi amekwisha kusema. Ngoma yake iko tayari, mganga amekwisha kushika ubani. Hapa mnangoja nini? Kila Jumatatu wanamnyonya damu. Mtoto amebaki na damu kiasi gani, kibaba?"

"Daktari amesema asitikiswe."

"Daktari ndiye aliyemuoa? Tuliomuoa ni sisi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa sheria, mke huenda anakotaka mumewe, na mumewe hakuwa na nguvu ya kumkatalia mama yake. Lakini kwetu Wadigo kulikuwa na haki nyingine ya zamani zaidi: mtoto ni wa tumbo la mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba wake. Siku hizo haki hizi mbili zilikuwa zikisukumana katika kila nyumba, katika ndoa na katika mirathi. Mimi nilikuwa nimekwisha kutuma mtu Kombani kumwita kaka yangu. Alifika mchana, vumbi hadi magotini, akinuka mbuzi. Alikuwa akinunua mbuzi Kinango na kuwauza Kombani, na hakuna aliyewahi kumuuzia mbuzi mgonjwa.

Alisikiliza upande wa mkwe mpaka ukaisha. Alisikiliza upande wangu. Kisha akasema:

"Mimi sinunui mbuzi kwa kusimuliwa. Nataka kumshika mgongo. Hiyo damu iko wapi?"

Tuliingia chumba cha darubini sote, mkwe naye akafuata, na bwana mpimaji akawa hana pa kuweka kiwiko. Damu ya binti yangu ilikuwa ndiyo kwanza imetolewa. Kaka yangu aliinama mbele ya kibao.

"Damu ya huyu ni damu yangu," akasema. "Kwetu ukoo ni wa kike. Yeye, na huyu dada yangu, na mimi, tumetoka mahali pamoja. Usinidanganye kwa kioo."

"Basi, mzee, nipe yako niiweke kando ya yake," bwana mpimaji akamjibu. "Kama ni moja, zitakwenda pamoja."

Kaka yangu aliitazama sindano.

"Mimi kesho nina safari ya Kinango."

"Sindano haikuzuii kwenda Kinango."

"Hunijui mimi. Nikiona damu yangu, mbuzi ndio watakaonirudisha nyumbani wakiwa wamenibeba."

Hata mkwe alicheka. Mimi nilikunja kaniki mpaka juu ya kiwiko, nikanyoosha mkono juu ya meza.

"Astaghfirullahi!" mkwe akasema. "Mfiwa ndani ya eda anampa mwanamume mkono!"

"Mkono huu umefumba macho ya mume na kupokea mjukuu, mkwe, vyote katika eda hii hii. Hautaharibika kwa sindano."

Damu yangu ilitiwa katika mrija wa pili, ikasimamishwa karibu na ile ya binti yangu. Mwanzoni hazikutofautiana. Kaka yangu alichuchumaa, uso wake sawasawa na kibao, mikono magotini, kama anavyokaa mnadani. Kisha juu ya mrija wa binti yangu ukatokea mstari mwembamba wa maji, ukawa upana wa uzi, ukawa upana wa unyasi. Wangu ulikuwa umesimama. Niliona damu ya mwanangu ikizama, ikiiacha ya kwangu juu peke yake, na nikaogopa. Nilikuwa nimemwona mume wangu akikata roho, na sikuwa nimeogopa namna ile.

Saa ilipotimu, bwana mpimaji alisoma mistari. Yangu ilikuwa imeshuka ishirini na kitu. Ya binti yangu ilikuwa imepita mia. Sikujua kusoma, kwa hiyo nililinganisha kwa mkono: yangu upana wa kidole, yake karibu nusu shibiri.

Kaka yangu aliinuka, magoti yakalia.

"Zikilingana, je?"

"Zikilingana, moto umezimika," bwana mpimaji akasema. "Lakini mzee, nilimwambia bibi kwamba..."

"Inatosha. Mkwe, umeona kwa macho yako. Mpwa wangu hatoki hapa mpaka damu yake ilingane na ya mama yake. Zikilingana, mchukueni. Mimi sitasimama mlangoni."

Mkwe alifikiri. Alikuwa mwanamke wa kushika neno, na alitaka watu waone kwamba amelishika.

"Nimesikia. Zikilingana, ni mzima, na ni wetu."

Ndivyo tulivyofunga mkataba wetu mbele ya kibao cha mbao. Ukoo mzima uliupokea bila kuuliza swali, kwa kuwa kwetu hakuna mizani iliyo kubwa kuliko damu ya mama. Daktari alipousikia aliniita. Alisema alama ile ni ya kumsaidia yeye ajue kama uvimbe unapungua au la, na si kiapo cha familia. Nilimjibu kwa heshima kwamba mkataba wetu umemwacha mgonjwa wake kitandani, na kwamba hilo ndilo alilolitaka. Alikubali kwamba ni kweli, akaniacha.

Nilitembea kila siku, nikarudi kila siku kabla ya jua kuzama, nikamwacha. Hilo lilikuwa zito kuliko sindano. Alizoea saa yangu ya kuondoka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukishika upindo wa kaniki yangu, na nilikuwa nikiufungua vidole kimoja kimoja ili nikalale katika nyumba ya marehemu. Muuguzi mmoja aliniuliza kwa nini nisilale chini ya kitanda cha mwanangu kama wanawake wengine. Nilimwambia kwamba wanawake wengine hawana eda.

Damu ilishuka kidogo wiki ya kwanza, na wiki ya pili zaidi. Kisha mwanzoni mwa Aprili mguu wake wa kushoto ukavimba, ukawa mgumu na wenye joto, na Jumatatu ya tarehe 9 mrija ukazama tena kama mwanzo. Daktari alisema damu imeganda na mguuni. Bwana mpimaji hakunitania siku ile. Habari ilifika Funzi kabla yangu kufika nyumbani. Mkwe aliniletea salamu kwa mdomo wa muuza dagaa: mwambieni mkwe, pepo amehama kutoka kichwani kwenda mguuni, anatembea kuliko yeye.

Ramadhani iliingia wiki ile, na mvua za masika pamoja nayo. Nilikwenda nimefunga, matope hadi vifundoni, nguo ikinishika miguu. Degedege lilikuwa limekoma. Mguu ukapungua polepole. Niliacha kuutazama uso wa binti yangu kwanza nilipofika. Siku za Jumatatu nilipita moja kwa moja chumba cha darubini, nikasimama mbele ya mrija, nikapima kwa kidole changu. Bwana mpimaji alinifunza kuisoma mistari ile, na namba zangu za kwanza nilizijifunza hapo, nikiwa na njaa ya saumu: themanini na tano, sitini, arubaini na moja.

Neno lilikuja mwishoni mwa Aprili. Muuguzi alikuwa akimuuliza kama amemaliza uji, na binti yangu akasema kwa sauti iliyo wazi kabisa: "Bado." Nilipiga magoti. Nilimkumbatia, nikamwita kwa majina yake yote ya utotoni, nikamuuliza ananijua?

"Bado."

"Mimi ni mama yako. Sema mama."

"Bado."

Nilidhani anafanya mzaha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Nilimtazama usoni nione kicheko kimejificha wapi. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alijua kwamba neno lililotoka silo alilolituma. Alijaribu tena, shingo ikasimama mishipa, na neno likawa lile lile.

Jumatatu, tarehe 7 Mei, bwana mpimaji alinitoa damu mara ya pili, kama mkataba ulivyotaka, akaisimamisha mirija miwili. Kaka yangu alikuja kutoka Kombani kushuhudia, na mkwe alimleta ndugu yake wa kiume. Saa ilipotimu, mistari ilikuwa imelingana, tofauti yake haikufika unene wa ukucha. Kaka yangu alipiga makofi mara moja. Halafu akaona kwamba hakuna mwingine aliyepiga.

Daktari alituita. Alisema damu imetulia na hatari ya kufa imepita, kwa kadiri anavyoweza kuona. Alisema mkono unaweza kupata nguvu kidogo na ulimi pia, mtu asitarajie mengi, asikate tamaa kabisa. Mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akageukia kwangu.

"Damu mmeipata. Mtu wetu yuko wapi?"

Kaka yangu alitazama miguu yake.

Tulimrudisha nyumbani kwangu siku ya pili. Keshoye asubuhi wakwe walikuja, mama na mwana, kwa kuwa neno ni neno. Binti yangu alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta, mwanawe amelala mbele yake juu ya leso. Alikuwa bado hawezi kumbeba. Mumewe aliketi mbali kidogo, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mke wangu. Damu imekaa sawa. Tumekuja. Twende nyumbani?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Bado."

"Hajui asemalo," mkwe akasema. "Mwanangu, unauliza gogo."

"Ameulizwa, amejibu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kali, nami nilitaka iwe kali. "Wewe ulitaka neno. Hilo ni neno."

"Mkwe, usijidanganye. Huyo ungemuuliza kama jua ni jeusi angekwambia bado. Mimi si mtu mbaya. Lakini nimpeleke kisiwani akanifanyie nini, na mimi nikamfanyie nini? Mkataba ulisema mzima." Kisha akamtazama mtoto, na sauti ikashuka. "Tumchukue huyu. Damu ya mwanangu nayo imo humu, msisahau. Atanyonyeshwa, ninao watu. Huyu mama yake hawezi hata kumfukuzia nzi."

Kaka yangu alifungua mdomo kutaja haki ya mjomba. Hakupata nafasi. Mkwe alikuwa amekwisha kuinama na kushika pembe mbili za leso ili amwinue mtoto pamoja nayo. Binti yangu alisogea. Hakuinuka, hakuweza, alianguka ubavu juu ya ule mkono uliokufa, akaikamata pembe ya tatu kwa mkono wa kushoto.

"Bado," akasema. "Bado. Bado. Bado."

Alilisema kwa sauti niliyoijua tangu alipokuwa mtoto, sauti ya kugombana na mimi jikoni. Mtoto aliamka akalia. Mwanamume yule kijana alisimama.

"Mama," akamwambia mama yake. "Iache leso."

Mkwe aliiacha. Walipoondoka, alisahau viatu vyake mlangoni, na mwanawe ndiye aliyerudi kuvichukua. Kijana alikuja mara mbili tena baada ya Idi, akauliza swali lile lile kwa upole ule ule, akapewa jibu lile lile. Mara ya tatu alikuja mjomba wa kijana na talaka, mwezi wa Machi 1957, na hapakuwa na ugomvi.

Binti yangu aliishi nami. Mguu ulimrudia, mkono ulirudi nusu, akajifunza kukuna nazi kwa mkono wa kushoto huku ameibana mbuzi kwa goti. Kila nilipomwona anainama sana kichwa nilimpeleka hospitali, na kila mara bwana mpimaji alisimamisha mrija, akausoma, akasema damu ni nzuri, bibi, damu ni nzuri sana. Nilimjibu ahsante. Binti yangu aliketi kando yangu akiutazama ule mrija. Neno la pili halikuja.